Kujisajili kozi za uandishi na fasihi ya Kiingereza katika chuo cha Marekani

Kila muhula mpya unapokaribia, maswali huwa yale yale. "Nilisoma kwa Kiingereza tangu sekondari, mbona wamenipeleka ESL (madarasa ya Kiingereza kwa wenye lugha nyingine)?" "English 101 ni lazima hata kwangu ninayesomea uuguzi?" "Naweza kuanza na fasihi, maana ndiyo niliyoipenda shuleni?" Na lile linaloniuma zaidi: "Nimesoma mwaka mzima, mbona krediti zangu, zile pointi za kufikia shahada, ni sifuri?"

Haya nimeyaandika kwa ajili yako unayeanza. Pengine umefika Marekani kwa green card, kwa ukimbizi au kwa viza ya masomo. Pengine umeishi hapa miaka mingi ukifanya kazi na sasa umeamua kuingia chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, au chuo kikuu cha jimbo. Hatua ni zile zile, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: kozi ya kwanza ya uandishi ichukuliwe mapema, muhula wa kwanza ikiwezekana. Karibu kila shahada inaidai, na kozi nyingine nyingi hazifunguki mpaka uwe umeifaulu. Wanaoiahirisha kwa kuiogopa hufika mwaka wa pili wakiwa wamefungiwa nje ya kozi walizozitaka.

Unachojisajilia ni nini hasa

Kozi ya kwanza kwa kawaida huitwa English Composition I. Namba yake hutegemea jimbo: Texas ni ENGL 1301, Florida ni ENC 1101, North Carolina na Virginia ni ENG 111, na vyuo vya jamii vya California tangu vuli ya 2025 vinatumia ENGL C1000. Vyuo vingine vinaiita ENG 101. Humo utaandika insha kadhaa, kila moja kwa rasimu zaidi ya moja, na utasoma makala ili uzijibu kwa hoja.

Ya pili, Composition II, inahusu utafiti na ubishi wa hoja: kutafuta vyanzo maktabani, kuvipima, kuvinukuu. Baada ya hapo ndipo huja kozi za fasihi. Chache huruhusu uingie bila kozi yoyote ya uandishi, lakini zilizo nyingi zinaitaka ya kwanza au zote mbili. Kwa hiyo jibu la swali la "naweza kuanza na fasihi?" karibu siku zote ni hapana. Utaifikia, subira kidogo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Pasipoti, green card, I-94 (rekodi ya kuingia nchini) au kitambulisho cha jimbo, kulingana na hali yako.
- Namba ya Social Security kama unayo. Kutokuwa nayo hakukuzuii kuomba nafasi katika vyuo vingi vya jamii. Uliza tu namna ya kuliacha wazi lile boksi.
- Cheti na matokeo ya sekondari (KCSE, CSEE, Diplôme d'État au GED, mtihani unaolingana na cheti cha sekondari, uliyofanyia hapa), na matokeo ya chuo chochote ulichowahi kusoma, hata kama hukumaliza.
- Uthibitisho wa makazi: mkataba wa nyumba, bili ya umeme, leseni ya udereva. Huo ndio unaoamua kama utalipa ada ya mkazi wa jimbo au ya mtu wa nje, na tofauti ni kubwa. Majimbo mengi hutaka uwe umekaa humo miezi 12.
- Kadi ya chanjo, hasa ya surua, matumbwitumbwi na rubela.
- Baruapepe moja unayoifungua kila siku. Usitumie ya mtoto wala ya shemeji.
- Kompyuta. Simu itakusaidia kusoma matangazo, lakini insha ya kurasa tano haiandikwi kwenye simu. Maktaba ya chuo mara nyingi huazimisha kompyuta kwa muhula mzima. Uliza wiki ya kwanza kabla hazijaisha.

Na muda. Kozi ya krediti 3 ina takribani saa 3 za darasani kwa wiki, na hesabu ya kawaida ya vyuo ni saa 2 za kazi ya nyumbani kwa kila saa ya darasani. Hizo ni saa 9 kila wiki kwa kozi moja. Kama unabeba boksi zamu ya usiku na una watoto, panga kwa hesabu hiyo kabla hujaongeza kozi ya pili.

Hatua ya 1: Omba nafasi chuoni

Vyuo vya jamii vingi vinapokea kila mwombaji mwenye cheti cha sekondari, na maombi hufanyika kwenye tovuti ya chuo. Vingi havitozi ada ya maombi. Ukikubaliwa utapewa namba ya mwanafunzi na baruapepe ya chuo. Kuanzia siku hiyo taarifa zote muhimu zitatumwa huko, si kwenye baruapepe yako ya zamani.

Angalia mawili wakati wa kujaza.

Tarehe ya Marekani huanza na mwezi. Ukizaliwa tarehe 3 Aprili unaandika 04/03. Ukikosea hapo, rekodi yako haitalingana na ile ya msaada wa fedha, na utapoteza wiki kadhaa ukirekebisha.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye hati ya uhamiaji, hata kama walilikosea huko. Wengi wetu tuna majina matatu, na jina la babu limegeuzwa kuwa la ukoo. Wengine, hasa waliopitia kambi za wakimbizi, wameandikiwa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa. Fuata hati. Kulisahihisha jina ni jambo la kisheria la siku nyingine. Kinachotakiwa sasa ni karatasi zako zote kusema kitu kimoja.

Hatua ya 2: Jaza FAFSA

Hii ndiyo fomu ya msaada wa serikali kuu, ipo kwenye studentaid.gov, na kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1 kwa mwaka wa masomo unaofuata. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi ukimaliza muhula salama, ilifikia hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–2026. Kwa mwenye kipato kidogo katika chuo cha jamii, hiyo yaweza kulipa ada yote na vitabu, na chenji ikabaki.

Mwenye green card anaruhusiwa kuomba. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi apeleke hati zake ofisi ya misaada ya fedha ya chuo, ili zisomwe kwa kanuni za mwaka huo. Mwenye viza ya F-1, yaani ya masomo, haruhusiwi. Yeye aulizie ufadhili wa chuo chenyewe. Mzazi asiye na namba ya Social Security bado anaweza kufungua akaunti yake na kutia sahihi sehemu yake, hivyo usimwache mtoto wako akose msaada kwa sababu ya karatasi zako.

Onyo: FAFSA ni bure. Yupo mtu kwenye jamii yetu atakayekutoza fedha "akujazie". Usimlipe, na usimpe nenosiri lako. Chuo kina ofisi ya kukusaidia bila malipo, na ukiomba mkalimani mapema mara nyingi wanampata hata kwa simu.

Hatua ya 3: Peleka matokeo ya zamani

Kama ulisoma chuo nje ya Marekani, hata mwaka mmoja, matokeo yako yanaweza kutafsiriwa kuwa krediti. Chuo kitataka tathmini kutoka kwa shirika linalotambulika, kama WES au jingine lililo mwanachama wa NACES. Chukua tathmini ya kozi kwa kozi; ile ya jumla inasema tu kwamba una diploma, haisemi ulisoma nini. Hati za Kifaransa au Kiswahili zitahitaji tafsiri rasmi.

Nakushauri usitegemee sana kwamba kozi ya Kiingereza uliyosoma nje itakubaliwa badala ya Composition I. Mara nyingi hupokewa kama krediti za hiari tu. Hata hivyo ipeleke, kwa sababu inaweza kukuondolea kipimo cha hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Kupangiwa ngazi

Hapa ndipo watu wetu wengi hupotezea miaka, kwa hiyo tukae hapa.

Chuo lazima kiamue uanzie wapi: ESL, kozi ya maandalizi isiyo na krediti za shahada, au Composition I moja kwa moja. Zamani uamuzi ulitegemea mtihani mmoja. Siku hizi vyuo vingi vinaangalia vitu kadhaa kwa pamoja: alama za sekondari, miaka uliyosoma kwa Kiingereza, mtihani kama Accuplacer, au dodoso la kujipima mwenyewe. California imekwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya AB 705 ya 2017 na AB 1705 ya 2022, vyuo vya jamii vinatakiwa kumwanzisha mwanafunzi kwenye kozi inayohesabika, labda tu kuwe na sababu nzito ya kutofanya hivyo. Texas ina mtihani wake, TSIA2.

Kosa kubwa ni kwenda kwenye mtihani siku hiyo hiyo uliyopeleka fomu, umetoka kazini, hujalala, eti "ni wa kujipima tu." Si wa kujipima tu. Matokeo yake yanaweza kukuongezea mihula miwili. Fanya hivi:

a) Kabla ya kukubali mtihani, uliza: "Kuna njia nyingine ya kupangiwa bila mtihani?" Onyesha cheti chako. Shule iliyofundisha kwa Kiingereza miaka minne ni ushahidi; usione aibu kuusema.

b) Jaza lile swali la lugha ya nyumbani kwa kweli, lakini ujue matokeo yake. Katika baadhi ya vyuo, ukiandika kwamba lugha yako ya kwanza ni Kiswahili, mfumo hukupeleka kwenye njia ya ESL bila mtu yeyote kukutazama. Usidanganye, omba tu kuonana na mtu akupime kwa uwezo wako.

c) Ikibidi kufanya mtihani, kuna maswali ya mazoezi ya bure kwenye tovuti ya College Board, wenye Accuplacer. Sehemu ya kusoma kwa kawaida haina kikomo cha muda, hivyo usikimbie.

d) Insha ya WritePlacer, sehemu ya uandishi ya Accuplacer, hupewa alama na kompyuta, na urefu unaotarajiwa ni maneno 300 hadi 600. Hapa mafunzo yetu ya shule yanaweza kutuponza. Tulifundishwa kupamba mwanzo: methali, hali ya hewa, misamiati mikubwa, kisha hoja ije polepole. Hapa msimamo wako unatakiwa katika aya ya kwanza, kwa sentensi moja iliyo wazi. Kila aya inayofuata iwe na sababu moja, mfano mmoja, na maelezo ya jinsi mfano huo unavyoithibitisha sababu. Tahajia ya Uingereza au ya Marekani, chagua moja na uishikilie hadi mwisho.

Kama matokeo yako yamekaribia kufaulu, uliza chuo kina kozi ya msaada inayokwenda sambamba na Composition I. Mtindo huu ulianzia chuo cha jamii cha Baltimore County mwaka 2007 na sasa umeenea sana. Unasoma kozi yenye krediti pamoja na wenzako, na papo hapo una saa za ziada, mara nyingi na mwalimu yule yule, za kukusaidia kazi ya kozi hiyo. Kwa mtu aliyesoma sekondari kwa Kiingereza, mimi ningechagua njia hii kila mara badala ya muhula mzima wa maandalizi. Muhula wa maandalizi unakula msaada wako wa fedha na haukupi krediti hata moja ya shahada, na serikali kuu hulipia kozi za maandalizi hadi krediti 30 tu.

Je, ESL haina maana? Ina maana kubwa, kwa anayeihitaji. Ukisoma makala ya gazeti la Kiingereza ukurasa mzima na huwezi kueleza mwandishi anadai nini, au huwezi kuandika aya bila kuitafsiri kila sentensi kutoka Kifaransa au Kiswahili, anza ESL ya kitaaluma bila kinyongo. Ila uliza tangu mwanzo: ngazi ni ngapi, ipi ndiyo ya mwisho, na kuna njia gani ya kuruka ngazi ukifanya vizuri.

Hatua ya 5: Onana na mshauri wa masomo

Weka miadi, usisubiri wiki ya mwisho. Nenda na karatasi yenye maswali haya, na andika majibu mbele yake:

- Shahada yangu inadai kozi ngapi za Kiingereza, na ni namba gani?
- Nikihamia chuo kikuu fulani, kozi hizi zitapokewa kama nini?
- Alama ya chini inayokubalika ni ipi? Mara nyingi ni C, na C- haitoshi kuhamishia krediti ingawa chuo kitakuhesabia umefaulu.
- Kozi ya fasihi itanihesabikia sharti gani la shahada?

Ukitaka kuhama ndani ya California, hakiki mwenyewe kwenye assist.org, tovuti inayoonyesha kozi za vyuo vya jamii zinavyopokewa na vyuo vikuu vya umma. Texas na Florida zina mifumo ya namba za pamoja za kozi, ndiyo maana namba nilizozitaja juu hukubalika kwa urahisi kati ya vyuo vya umma vya jimbo hilo.

Nimeona watu wakimpeleka mtoto aliyezoea Kiingereza azungumze kwa niaba yao, au akapige simu. Sheria ya FERPA ya 1974 inalinda rekodi za mwanafunzi wa chuo, kwa hiyo ofisi haitamjibu mtoto, mke wala mume bila idhini yako ya maandishi. Nenda naye, au jaza fomu ya idhini.

Hatua ya 6: Chagua mkondo wa darasa

Kozi moja huwa na mikondo mingi, na kila mkondo una namba yake, mara nyingi huitwa CRN. Tofauti kati ya mkondo na mkondo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Angalia urefu wa muhula kwanza. Mkondo wa wiki 8 una kazi ile ile ya wiki 15 au 16, imebanwa. Zile saa 9 kwa wiki zinakuwa karibu 18. Wengi huchagua wiki 8 kwa kufikiri ni nafuu, kisha insha ya pili inadaiwa kabla ya ya kwanza kurudishwa na maoni. Kwa Composition I ya kwanza kabisa maishani mwako, chukua muhula mrefu.

Kisha angalia kama ni ana kwa ana au mtandaoni. Kuna masomo ya mtandaoni yenye saa maalumu ya kuonana kwa video na kuna yasiyo na saa kabisa, unajisomea tu na kutuma kazi. Ya pili inamvutia mfanyakazi, nami naelewa. Lakini uandishi hukua kwa kusomewa kazi yako na watu walio mbele yako, na katika darasa lisilo na saa ni rahisi mno kuachwa nyuma bila mtu kukuona. Kama ratiba inaruhusu hata siku mbili za jioni, nenda darasani. Mwenye F-1 hana uhuru mkubwa hapa: lazima awe na angalau krediti 12 kwa muhula, na darasa moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti 3, ndilo linalohesabika humo. Aongee na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kubonyeza chochote.

Mwisho, vitabu. Mikondo mingine inatumia vitabu huria vya bure, na ratiba za vyuo vingi huweka alama kuonyesha hivyo. Ukilazimika kununua, tafuta kwa namba ya ISBN ili usipate toleo lisilo sahihi.

Hatua ya 7: Sajili, kisha hakikisha umelipiwa

Ingia kwenye akaunti ya chuo siku na saa dirisha lako la usajili linapofunguka. Mikondo ya jioni hujaa kwanza. Ingiza namba ya mkondo, thibitisha, kisha fungua ratiba yako uone kama kweli imeandikwa "enrolled" na si "waitlisted". Piga picha ya skrini.

Usajili haujaisha hapo. Vyuo vingi hufuta usajili wa asiyelipa kufikia tarehe ya mwisho. FAFSA ikiwa bado inashughulikiwa, jiunge na mpango wa kulipa kwa awamu ili nafasi yako isipotee. Kwa mfano wa gharama: mkazi wa California hulipa dola 46 kwa krediti katika chuo cha jamii, hivyo kozi ya krediti 3 ni dola 138 kabla ya vitabu na tozo ndogo. Majimbo mengine ada ni kubwa zaidi, kwa hiyo soma ya kwenu.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Hudhuria siku ya kwanza bila kukosa. Walimu wengi huwaondoa wasiotokea ili kuwapa nafasi walio kwenye foleni. Kwenye darasa la mtandaoni, kufungua ukurasa hakutoshi. Lazima utume kazi ya kwanza.

Soma silabasi yote, kisha andika tarehe za insha kwenye kalenda ya simu. Tafuta sera tatu: kazi iliyochelewa, mahudhurio, na matumizi ya akili mnemba. Hii ya tatu hutofautiana mno kati ya walimu hata ndani ya chuo kimoja. Kuna anayekataza kabisa na kuna anayeruhusu kupanga mawazo tu. Usikisie.

Mwalimu mwandikie "Professor" na jina lake la ukoo. "Madam" na "Sir" vya kwetu ni heshima, lakini hapa havizoeleki. Na saa zake za ofisi zipo kwa ajili yako. Kwenda si kumsumbua wala si dalili ya kushindwa. Kadhalika kituo cha uandishi cha chuo, ambako mtu atakaa nawe na rasimu yako bila malipo. Nenda na insha ya kwanza kabisa, usingoje ipate alama mbaya.

Hatua ya 9: Chagua kozi ya fasihi

Ukishafaulu uandishi, milango ya fasihi inafunguka. Kama shahada inadai kozi moja tu, Introduction to Literature ndiyo pana zaidi: hadithi fupi, ushairi, tamthilia. Fasihi ya Marekani kwa kawaida hugawanywa sehemu mbili, kabla na baada ya 1865, mwaka wa kumalizika kwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Si lazima kuanza na ya kwanza. Sehemu ya pili ina Kiingereza kilicho karibu na cha leo, na wengi huiona nyepesi kusoma. Fasihi ya Dunia ndimo waandishi wa Afrika huonekana zaidi, nawe uliyekulia kwenye ngano, mashairi na fasihi simulizi utakuwa na la kusema darasani ambalo wenzako hawana.

Usichukue fasihi mbili muhula mmoja bila kuuliza wingi wa kurasa. Si ugumu unaowaangusha watu, ni wingi wa kusoma. Na usiandike muhtasari wa hadithi ukadhani umeandika insha. Mwalimu ameisoma hadithi. Anataka udai kitu kuihusu, kisha umwonyeshe mistari inayokuunga mkono, kwa mtindo wa marejeleo wa MLA.

Mambo yakikwama

*Mfumo unasema sharti la awali halijatimizwa, na wewe umefaulu.* Matokeo yako ya chuo kingine hayajasomwa bado. Tuma nakala isiyo rasmi kwa mshauri au idara ya Kiingereza uombe ruhusa ya muda.

*Akaunti ina kizuizi.* Bonyeza usome ni cha ofisi gani. Mara nyingi ni chanjo, deni dogo la maktaba, au semina ya wanafunzi wapya uliyoiruka. Kama kadi ya chanjo ilipotea safarini, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kinga.

*Mkondo umejaa.* Jiweke kwenye foleni, kisha mwandikie mwalimu barua fupi: jina, namba ya mwanafunzi, namba ya mkondo, sababu moja. Hudhuria siku ya kwanza kama anaruhusu. Angalia pia mikondo inayoanza wiki chache baada ya muhula kufunguliwa.

*Nimepangiwa chini ya uwezo wangu.* Omba kurudia mtihani au kupitiwa upya. Peleka cheti na insha uliyoandika mwenyewe. Fanya hivyo kabla ya muhula kuanza, au katika siku za mwanzo kabisa: walimu wengi hukupa zoezi la kuandika wiki ya kwanza, na wakiona umekosewa wanaweza kukuhamisha.

*Nimezidiwa katikati ya muhula.* Usipotee kimya kimya, maana mwisho wake ni F. Kuna tarehe ya mwanzo ambayo ukiacha kozi unarudishiwa fedha na haionekani kwenye rekodi, na kuna tarehe ya baadaye ambayo unapata W, alama ya kuacha kozi. W haiharibu wastani wa alama, lakini huhesabika kama kozi uliyojaribu bila kumaliza, na zikizidi unaweza kupoteza msaada wa fedha. Ukiacha kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada itarudishwa serikalini na chuo kinaweza kukudai. Ongea na ofisi ya fedha kabla ya kuacha, si baada.

*Natuhumiwa kunakili au kutumia akili mnemba.* Wengi wetu tulisifiwa shuleni kwa kukariri maneno ya kitabu neno kwa neno. Hapa kufanya hivyo bila alama za kunukuu na jina la mwandishi ni kosa linaloweza kukufelisha kozi. Andikia kazi kwenye programu inayohifadhi historia ya mabadiliko, tunza rasimu zote na maelezo uliyoyaandika kwa mkono, na uende nayo ukiitwa. Una haki ya kusikilizwa na kukata rufaa.

*Nahamia jimbo jingine.* Pakua silabasi ya kila kozi ya Kiingereza uliyomaliza, uihifadhi kama PDF kabla akaunti yako haijafungwa. Chuo kipya kisipoielewa kozi yako kwa jina, kitaomba silabasi kione insha zilikuwa ngapi, za kurasa ngapi, na kama kulikuwa na utafiti.